Kasi, Biti na Baiti: Lugha ya Uzinduzi wa Huduma za Simu

Kila inapozinduliwa huduma mpya ya simu, lugha nayo hutiwa mtihani. Huduma ya kibiashara ya kizazi cha tano ilianza Tanzania mwezi Septemba 2022, na Kenya mwezi uliofuata. Mitambo iliwasili pamoja na istilahi zake, na wafasiri wakatakiwa kuzipatia Kiswahili mara moja kwa ajili ya magazeti, redio, mabango na masharti ya mikataba. Katika makala haya tunakusudia kuipima kazi hiyo. Si nia yetu kumlaumu mtu wala kampuni yoyote, bali kuonyesha mahali ambapo neno moja lililolegea humpotosha mwananchi.

Yapo mengi ya kusifu. Wasemaji wenyewe wametupa simu ya mkononi, kifurushi na mnara. Na bando, ijapokuwa neno la kukopa, limekwisha kupata makazi. Hatuoni sababu ya kuyapiga vita maneno hayo, kwa kuwa kila ayasikiaye huyaelewa. Udhaifu tunaouona haumo katika majina ya vitu, bali katika majina ya vipimo.

Tuchukue sentensi hii, ambayo tumeitunga wenyewe kwa kufuata sura ya matangazo ya kawaida: “Furahia kasi ya MB 100 popote ulipo.” Kisarufi haina kosa. Kiistilahi ina makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kuchanganya biti na baiti. Biti ni tarakimu moja tu, sifuri au moja; baiti ni fungu la biti nane. Kwa desturi ya mafundi, kasi ya mawasiliano hupimwa kwa biti, na ukubwa wa kifurushi kwa baiti. Katika vifupisho vya kimataifa tofauti hiyo huonyeshwa kwa herufi ndogo na herufi kubwa: Mb ni megabiti, MB ni megabaiti. Lakini katika nyaraka za serikali ya Tanzania, Mb. ni Mbunge, na wapiga chapa wengi huandika MB kwa kila kitu. Matokeo yake si madogo. Mtu mwenye kifurushi cha megabaiti 1,000, akipokea megabiti 20 kwa sekunde, atakimaliza kwa sekunde 400, yaani karibu dakika saba. Akidhani kwamba ni megabaiti 20, atatarajia sekunde 50. Hesabu yake imepotoka mara nane, naye ataamini kuwa amepunjwa.

Kosa la pili ni kuacha maneno “kwa sekunde”. Bila maneno hayo kasi hugeuka kuwa kiasi, na msomaji hana njia ya kujua kama anaahidiwa mwendo au mzigo. Hapa mfano wa maji wafaa. Biti kwa sekunde ni wingi wa maji yatokayo bombani kwa muda fulani. Kifurushi ni pipa la maji tulilolinunua. Na muda wa kuitikia ni ule upitao kati ya kufungua bomba na kuona tone la kwanza. Bomba likipanuliwa, maji ya pipani hayaongezeki. Huweza hata kwisha mapema zaidi. Malalamiko mengi ya “bando langu limeliwa” yangepungua kama dhana hizi tatu zingekuwa na majina matatu. Kwa sasa zote hubebeshwa neno moja, kasi. Tena neno hilo lenyewe lataka uangalifu: mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa nuru katika mitambo mipya kama yalivyosafiri katika ile ya zamani. Kilichoongezeka si mbio za mawimbi, bali wingi wa biti yanazobeba.

Kosa la tatu ni kupoteza neno “hadi”. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika masharti yake ya kizazi cha tano ya mwaka 2017, lilitaja gigabiti 20 kwa sekunde kuwa kilele katika mazingira bora, na megabiti 100 kwa sekunde kuwa lengo kwa mtumiaji wa kawaida katika miji yenye msongamano. Kilele si wastani, na mji si kijiji. Tena walio chini ya mnara mmoja hugawana uwezo wake. Mfasiri aondoaye “hadi” na kuweka “popote” ameandika ahadi ambayo fundi hakuitoa.

Wengine husema kuwa neno kizazi latosha kumwongoza mnunuzi. Hatukubaliani nao. Mwezi Desemba 2010 shirika hilohilo lilikiri kwamba jina la kizazi cha nne halikuwa na fasili rasmi, na kwamba laweza kutumika hata kwa mitambo iliyotangulia ile iliyotimiza masharti yake. Jina la kizazi, basi, ni la ukoo wa mitambo, halikuwa kipimo.

Tunapendekeza, kwa hiyo, mambo manne. Megabiti na megabaiti yaandikwe kwa ukamilifu, bila vifupisho, katika kila maandishi ya umma. “Kwa sekunde” yasiachwe kamwe. Muda wa kuitikia utajwe kwa jina lake, wala usifichwe ndani ya kasi. Na “hadi” ibaki mahali pake. Mwalimu aweza kuyafundisha haya kwa bomba na pipa. Mtumishi wa serikali aweza kuyadai katika waraka unaopita mezani pake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwananchi anayelipia huduma ana haki ya kujua, kwa lugha yake mwenyewe, ni kitu gani hasa alichouziwa.