Binyavanga alikula kwa kalamu. Je, kwa Kiswahili angeshiba?

MSOMAJI wangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili huko Turbo karibu na Eldoret, ameniletea swali. Mwanafunzi wake wa Kidato cha Nne anataka kuwa mwandishi wa kujitegemea kama marehemu Binyavanga Wainaina, ila yeye anataka kuandika kwa Kiswahili. Atakula nini?

Binyavanga alizaliwa Nakuru mwaka wa 1971. Alikwenda Afrika Kusini kusomea biashara katika Chuo Kikuu cha Transkei, masomo yakaenda mrama, akaishia Cape Town akiandika kuhusu vyakula na safari. Hakuwa na ofisi wala mshahara; makala isipouzwa, hakuna hela. Safari ya kwenda Uganda kwa jamaa za mamake ndiyo iliyozaa “Discovering Home”, iliyotoka kwanza kwenye intaneti kisha ikashinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2002. Mwaka uliofuata, yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Kwani?, ambalo halikuionea Sheng haya.

Tawasifu yake, One Day I Will Write About This Place (2011), ina nguvu pale anapoandika bila kutumwa na mtu: saluni ya mamake, redio, makelele ya matatu. Humo jicho lake halipitwi na kitu. Lakini sura ya Togo, iliyotokana na kazi ya Kombe la Dunia la 2006, inasomeka kama kiraka. Mshono unaonekana. Hapo unamwona mwandishi anayetimiza oda ya mhariri, na ndipo neno “kujitegemea” linaponitia shaka. Mwenye kulipa ana macho yake. Binyavanga alilijua hilo vyema. Makala yake ya kejeli katika jarida la Granta mwaka wa 2005 iliwasuta hasa wale wanaotaka Afrika ya simba na njaa tu.

Watu husema eti Kiswahili hakina mapokeo ya uandishi wa safari. Si kweli! Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli mwaka wa 1901, na humo Salim bin Abakari anasimulia alivyofika Urusi na Siberia mwaka wa 1896. Alikwenda akimtumikia Mjerumani, kwa hiyo naye hakuwa huru. Hata hivyo, nathari yake ni nyepesi, inatazama watu na vyakula vyao kwa udadisi usio na woga. Mbona basi uzi huo tuliuacha ukatike?

Nionavyo, kosa ni la soko. Wachapishaji wetu wanawinda vitabu vya kutahiniwa: riwaya, tamthilia, hadithi fupi. Msimulizi wa safari za kweli hana somo la kuingizwa, basi mswada wake unalala kabatini.

Kwa hivyo, mwalimu, mwambie kijana ukweli: kwa sasa Kiswahili peke yake hakitamlipia kodi ya nyumba. Atafute kazi nyingine ya mkono wa pili. Lakini asingoje nauli ya Cape Town. Barabara kuu ya kwenda Malaba inapita papo hapo Turbo, na madereva wa malori wanasimama kula. Akae nao, asikilize Kiswahili chao, aandike walivyosema bila kuwasahihisha ngeli. Makala ya kwanza anitumie niisome.