Mtafiti Anayesafiri na Chama Kinachobaki: Uhakiki wa Msaada wa Mashirikisho ya Kisayansi kwa Watafiti na Vyama Wanachama

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mashirikisho ya kisayansi yanavyougawa msaada wao kati ya mtafiti mmoja mmoja na chama cha kitaifa, ambacho ndicho mwanachama halisi wa shirikisho. Kwa kuangalia mifano ya Ulaya, ya kimataifa na ya Afrika, makala yanadai kwamba msaada unaomfikia mtafiti bila kupita katika chama chake humwinua mtu na kukiacha chama pale pale kilipokuwa. Aidha, yanapendekeza vigezo ambavyo washauri wa sera katika nchi zetu wanaweza kuvitumia kabla ya kuidhinisha malipo ya ada au kutia saini mikataba ya uanachama.

1.0 Utangulizi

Shirikisho la kisayansi ni chama cha vyama. Wanachama wake ni jumuiya za kitaaluma au akademia za nchi, na mtafiti hulifikia kupitia jumuiya yake. Muundo huu una zaidi ya karne moja. Muungano wa Kimataifa wa Kemia (IUPAC) ulianzishwa mwaka 1919. Baraza la vyama vya kimataifa vya sayansi, ICSU, lilichukua jina hilo mwaka 1931, na mwaka 2018 likaungana na baraza la sayansi za jamii kuunda Baraza la Kimataifa la Sayansi (ISC), lenye makao yake Paris.

Katika nchi za Maziwa Makuu, swali la faida ya uanachama huo huulizwa kwa namna finyu: watafiti wetu wangapi wamepata ruzuku ya kusafiri? Swali hilo ni halali, lakini halitoshi. Vyama vyetu vingi vya kitaaluma huendeshwa na wahadhiri wanaojitolea, bila ofisi wala mtumishi wa kudumu. Mwenyekiti anapostaafu au kuhama, kumbukumbu za chama huweza kuondoka naye. Kwa hiyo yafaa kuuliza pia: baada ya mtafiti kusafiri na kurudi, chama kimebaki na nini?

2.0 Mfano wa FEBS: uanachama kama mlango

Shirikisho la Vyama vya Biokemia vya Ulaya (FEBS), lililoundwa mwaka 1964, ni mfano unaostahili kuchunguzwa kwa makini. Nguvu yake ya fedha haikutokana na ada za wanachama pekee. Shirikisho linamiliki majarida. FEBS Letters lilianza mwaka 1968, na The FEBS Journal, ambalo zamani liliitwa European Journal of Biochemistry, linatoka tangu mwaka 1967. Mapato ya majarida hayo ndiyo yanayogharimia kozi za juu, mikutano na ufadhili wa vijana. Kwa maneno mengine, kazi ya wanasayansi wenyewe ya kuandika, kuhariri na kutathmini makala huzaa fedha zinazowarudia.

Jambo la pili ni masharti. Kijana anayeomba msaada wa kuhudhuria kozi za FEBS hutakiwa kuwa mwanachama wa chama cha biokemia kilichomo katika shirikisho. Sharti hili linaonekana dogo, lakini lina uzito. Linampa kijana sababu ya kujiunga na chama cha nchi yake, na linakipa chama daftari hai la wanachama. Hapa ruzuku ya mtu binafsi hukijenga chama bila chama kupewa senti moja.

La tatu ni kwamba FEBS iliwahi kuanzisha ufadhili maalumu wa kuwarudisha Ulaya watafiti waliokuwa wakifanya kazi nje ya bara hilo. Ulaya, pamoja na utajiri wake, iliona kwamba kufadhili kuondoka bila kufadhili kurudi ni kulilisha shamba la jirani. Ikiwa wao waliona haja hiyo, sisi tunaopoteza watafiti wengi zaidi kwa uwiano wa tulio nao tuna sababu kubwa zaidi ya kuidai.

Hata hivyo, mfano huu haunakiliki kirahisi. Majarida hayo yalikua katika enzi ambapo maktaba zililipia usajili. Harakati za uchapishaji huria, hasa Mpango S uliotangazwa mwaka 2018 na kuanza kutekelezwa mwaka 2021, zimeutikisa msingi huo wa mapato. Msomaji wa Bujumbura au Kisangani ananufaika jarida linapofunguliwa bila malipo; lakini gharama inapohamia kwa mwandishi, mwandishi wa Bujumbura huathirika. Shirikisho linalotaka kuigwa na Afrika halina budi kueleza litakavyolipia kazi zake pindi mapato ya usajili yatakapopungua.

3.0 Mfano wa sayansi ya neva: ruzuku inayokipita chama

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Ubongo (IBRO) liliundwa mwaka 1961, nalo pia lina jarida lake, Neuroscience, lililoanza mwaka 1976. Kwa miongo kadhaa limegharimia shule za mafunzo barani Afrika na kuwapa watafiti ruzuku za safari. Mchango huo ni mkubwa, na hakuna anayefundisha sayansi ya neva katika ukanda huu anayeweza kuupuuza. Aidha, Chama cha Wanasayansi wa Neva wa Afrika (SONA), kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1993, kimenufaika na msaada wa IBRO katika mikutano yake.

Udhaifu unaohakikiwa hapa ni wa mpangilio wala si wa nia. Mtafiti anapoweza kuomba ruzuku moja kwa moja, chama cha nchi yake hakihitajiki katika safari hiyo. Humfaa siku ya mkutano wa bara, kisha husahaulika. Matokeo yake ni kizazi cha watafiti wenye mitandao imara ng'ambo na mitandao dhaifu nyumbani: anayefahamiana na maabara tatu za Ulaya lakini hajui mwenzake wa chuo cha pili katika mji uleule anachunguza nini.

4.0 Ada na kura

Uanachama una bei, na bei hiyo hugusa madaraka. Katika Muungano wa Kimataifa wa Hisabati (IMU), nchi wanachama hupangwa katika makundi matano. Kadiri kundi linavyopanda ndivyo ada na idadi ya kura zinavyoongezeka. Wapo pia wanachama washiriki wasiolipa ada na wasiopiga kura. Utaratibu huu una busara yake, maana huifungulia mlango nchi isiyo na uwezo. Lakini una hatari ya kuifanya nchi izoee kukaa ukumbini bila sauti. Msaada unaotolewa na wenye kura kwa wasio na kura huchagua mada, lugha na mahali kwa niaba ya mpokeaji. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na katika sayansi umaskini huo ni wa kukosa kuamua nini kichunguzwe.

5.0 Mfano wa Uganda: kukijenga chombo chenyewe

Upo ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana. Kati ya mwaka 2004 na 2014, akademia za kitaifa za Marekani ziliendesha mpango wa kuendeleza akademia za sayansi za Afrika kwa fedha za taasisi ya Bill na Melinda Gates zilizofikia dola milioni 20. Akademia ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilikuwa miongoni mwa tatu zilizopewa msaada wa kina, pamoja na zile za Nigeria na Afrika Kusini. Fedha hazikwenda kwenye tiketi za ndege pekee. Zilikwenda pia kwenye sekretarieti, mafunzo ya watumishi, na ujuzi wa kuandaa ripoti za ushauri kwa serikali.

Mpango huo haukuwa wa shirikisho, na ulikuwa na kikomo. Chombo kilichojengwa kwa fedha za mfadhili mmoja hukabiliwa na mtihani siku mfadhili anapoondoka. Lakini unaonyesha jambo ambalo Mtandao wa Akademia za Sayansi za Afrika (NASAC), ulioundwa Nairobi mwaka 2001, unalihitaji ili ufanikiwe: mtandao hauwezi kuwa na nguvu kuliko vyombo unavyoviunganisha.

6.0 Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba kupitisha msaada katika vyama ni kuukabidhi kwa viongozi wachache watakaowateua wanafunzi na jamaa zao. Hoja hii ina ukweli, na ndiyo sababu ya wafadhili wengi kupenda kumfikia mtafiti moja kwa moja. Hata hivyo, tiba ya chama kibovu si kukikwepa milele, kwani chama kinachokwepwa hakipati nafasi ya kujirekebisha. Njia ya kati ipo: uteuzi ubaki mikononi mwa shirikisho kwa vigezo vya sifa, lakini sharti la uanachama na wajibu wa kurudisha ujuzi vikiimarishe chama.

7.0 Suala la lugha

Mashirikisho yaliyotajwa hapa hufanya kazi zao hasa kwa Kiingereza. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Umoja wa Afrika uliridhia mwaka 2022 kitumike kama lugha ya kazi. Istilahi nazo zilikwisha kuanza kutengenezwa zamani: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kinachokosekana ni chombo cha kuunganisha vyama vya sayansi na vyama vya Kiswahili. Mtafiti wa Goma aliyefadhiliwa na shirikisho anaweza kutakiwa kuandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili kwa ajili ya walimu wa sekondari. Gharama yake ni ndogo, na faida yake hubaki nchini.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Mwaka 2006 viongozi wa Umoja wa Afrika walihimiza nchi kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti. Sehemu ndogo ya fedha hizo ikielekezwa kwenye vyama, uanachama katika mashirikisho utakuwa na maana. Makala yanapendekeza kwamba, kabla ya kulipa ada, wizara husika ijiulize maswali manne. Je, ruzuku za shirikisho zinamtaka mwombaji awe mwanachama wa chama cha nchi yake? Je, kuna fungu la sekretarieti ya chama? Je, kuna fungu la kurudi nyumbani, kama lipo la kuondoka? Je, nchi ina kura? Pale ambapo jibu ni hapana kwa yote manne, fedha ya ada ingefaa zaidi kumlipa mtumishi mmoja wa kudumu wa chama, atakayetunza daftari la wanachama na kumbukumbu, na kuandaa maombi ya kujiunga upya kwa masharti bora.