KIONDO NA KITAMBAA: SUALA LA UTUNZI WA PAMOJA KATIKA VIKUNDI VYA WANAWAKE VYA THIKA NA RUIRU

Upo mtindo wa kuzigawa kazi za mikono za wanawake wa Thika na Ruiru katika mafungu mawili. Kiondo huhesabiwa kuwa sanaa ya jadi. Kitambaa cha kufunikia viti na meza, kinachofumwa kwa kroshia au kudariziwa, huitwa kasumba ya mkoloni. Mgawanyo huu una sababu, lakini hautoshi kuwa kipimo cha ujumi.

Sababu yenyewe ni ya kihistoria. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, mwaka uleule ilipotangazwa Hali ya Hatari. Vilabu vyake vilifundisha ushonaji, upishi na usafi wa nyumba, na serikali ya kikoloni ilivitumia kuwavuta wanawake wa Kikuyu wasiwaunge mkono wapiganaji wa msituni. Mhakiki anayelificha jambo hili hahakiki, anasifu tu.

Hata hivyo, chimbuko la fani silo linaloamua maudhui yake. Utenzi uliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa, na hakuna asemaye kuwa si wa Waswahili. Kiondo nacho hakikubaki kilivyokuwa. Nyuzi za zamani zilitokana na magome ya vichaka, zikisokotwa juu ya paja. Baadaye ikaja katani, zao lenye asili ya Meksiko, ambalo walowezi walililima katika mashamba makubwa ya Thika. Kisha zikaja nyuzi za viwandani. Kwa kipimo cha asili, kiondo cha katani kingeshindwa pamoja na kitambaa.

Kipimo kifaacho ni utunzi. Kazi ya kikundi hufuata mwenendo wa ngwatio, yaani kusaidiana kwa zamu, desturi ya Wakikuyu iliyovitangulia vilabu vya mkoloni. Vipande vya kroshia huweza kufumwa na mikono mingi, kisha vikaunganishwa kuwa kitambaa kimoja. Rangi aliyoitia mmoja hujibiwa na mwenzake. Hapo mtunzi ni kikundi, kama ilivyo katika wimbo wa kazi, ambapo mmoja huanzisha na wengine huitikia. Ila mfanano huu usivutwe mno. Wimbo haumtoki mwenyewe unapoimbwa na mwingine. Kitambaa kikiuzwa kimekwenda, pamoja na jasho la waliokifuma.

Hapa ndipo penye suala zito. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vya Kenya vilipata soko kubwa ng'ambo. Mara nyingi viliuzwa kwa jina la nchi au la mfanyabiashara, si la msusi wala la kikundi chake. Mhakiki anayeshikilia kuwa sanaa ya jadi haina mtunzi humpa mfanyabiashara huyo udhuru, ingawa hakukusudia.

Basi wajibu wa uhakiki ni kuuliza nani alianza kitako cha kiondo, nani alichagua rangi, nani aliunganisha vipande, na nani alilipwa. Kiswahili kina neno msusi na neno mfumaji. Maneno hayo yawekwe pale ambapo uhakiki wa fasihi andishi huliweka jina la mtunzi, na kando yake liandikwe jina la kikundi.