"Mchezaji Dhaifu" au "Mwenye Kadirio la Chini"?

Katika tafsiri moja ya habari za sataranji iliyotufikia ili isahihishwe, tulikuta maneno haya: "Mchezaji dhaifu amemshinda bingwa." Sentensi ni fasaha, lakini istilahi imepotoka, na upotovu wenyewe si mdogo.

Mchezo unaohusika ulichezwa tarehe 4 Septemba 2022 mjini St. Louis, Marekani, katika mashindano ya Sinquefield Cup. Hans Niemann wa Marekani, mwenye alama 2688, alicheza kwa kete nyeusi akamshinda Magnus Carlsen wa Norwei, bingwa wa dunia wa wakati huo, mwenye alama 2861.

Alama hizo hukokotolewa kwa kanuni ya Arpad Elo, iliyokubaliwa na Shirikisho la Sataranji la Dunia (FIDE) mwaka 1970. Hutokana na matokeo yaliyopita, nazo hutumika kukisia yajayo. Tofauti ya alama 173 maana yake ni kwamba mwenye nyingi hutazamiwa kupata takriban pointi 73 katika michezo 100, na mwenzake 27, kila sare ikihesabiwa nusu pointi. Basi aliye chini naye ana fungu lake. Akishinda, kanuni haikuvunjwa.

Neno "dhaifu" lafuta fungu hilo. Lamhukumu mtu, ilhali matini ya asili yataja kipimo tu. Na msomaji aliyekwisha kuambiwa kuwa mshindi ni dhaifu atakitafuta kiini cha ushindi nje ya ubao. Siku iliyofuata Carlsen alijitoa mashindanoni, na tuhuma za udanganyifu zikazagaa. Kuzipima tuhuma hizo ni kazi ya waamuzi. Mfasiri hana ruhusa ya kuzitolea hukumu kwa kivumishi.

Je, tutumie neno gani? "Cheo" hakifai, kwani hutunukiwa mchezaji na hakishuki kila anaposhindwa. "Nafasi" nayo yaonyesha mpangilio katika orodha tu. Twapendekeza "kadirio", kutokana na kitenzi kukadiria, kwa kuwa ndani yake mna maana ya kipimo kinachoweza kupanda, kushuka, hata kukosea. Tuseme basi: "Mwenye kadirio la chini amemshinda bingwa."

Walimu nao wajazao ripoti za wanafunzi waizingatie tofauti hii. Alama za chini ni habari ya mtihani uliokwisha. "Dhaifu" ni jina ambalo mtoto atarudi nalo nyumbani.