Mishkaki Husomwa kwa Vitone

Juzi harusini nilimwona mchomaji akitunzwa noti kwa mishkaki yake. Nikachukua kijiti. Rangi nzuri, ndimu imekolea, lakini nyama inavutika kama mpira. Watu wakasema ng'ombe alikuwa mgumu. Ng'ombe anasingiziwa. Mwenye kosa ni mkataji.

Asiyejua hutazama wekundu na mafuta. Mjuzi hutazama uso wa kipande kibichi. Ukiona mistari mirefu, imekatwa vibaya. Unachotaka ni vitone vilivyobanana, kama ncha za fagio la chelewa lililofungwa vizuri. Kila kitone ni fungu la nyuzi lenye utando wake. Ndani ya fungu, kila uzi una kijitando chake chembamba mno. Kisu kikikatiza nyuzi, tando hizo zote hubaki vipande vifupi na jino hupita. Kikizifuata, mlaji ndiye anayeachiwa kazi ya kuzikata.

Mzee aliyenifundisha Tanga aliugeuza mnofu mara mbili tatu kabla ya kushika kisu, maana katika paja moja kila msuli una mwelekeo wake wa nyuzi. Aliitenganisha misuli kwa vidole, kisha akauvua kila mmoja utando wa nje, ule mweupe unaong'aa, makali ya kisu yakiuelekea utando, si nyama. Ukibaki, motoni hujikunja na kukivuta kipande chote. Mkaa wa dakika chache hauuyeyushi. Ndiyo maana shingo na muundi, vyenye tando nene kwa kazi nyingi, ni vya sufuria na moto mdogo, mpaka supu inate midomoni kama ya makongoro.

Walaghai hukimbilia papai bichi, tena usiku kucha. Papai ni la saa moja. Halipenyi mbali: nje nyama hugeuka uji, ndani utando uko palepale.

Kijiti ni vipande vinne, kila kimoja ukubwa wa pingili ya kidole gumba. Vitano ni tamaa.

Zamani mchomaji alikata mwenyewe. Siku hizi hununua nyama iliyokwisha kukatwakatwa, hata hajui imetoka kiungo gani. Mzee wangu hakukubali kisu cha mtu mwingine kitangulie chake.

Ukialikwa tena, pita jikoni kabla mkaa haujashika, ufunue beseni. Ukikuta vitone, huyo ndiye wa kutunzwa.