Mashtaka ya Dola: Kuanguka na Kuinuka kwa Kusadikika

Washairi wa pwani walizoea kuziona dola zikianguka zamani kabla ya Shaaban Robert kushika kalamu. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mapema katika karne ya 19, msomaji aongozwa kuyapita majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari na taa nyingi, akakuta popo na ukimya. Lakini katika magofu hayo hakuna mtu anayeitwa kujibu. Lawama yote yaelekezwa kwa dunia yenye hadaa na kwa moyo ulioipenda; hakimu hayupo, wala mshtakiwa. Pate imeanguka kwa sababu yote yaliyo chini ya jua huanguka.

Kusadikika, hadithi iliyopigwa chapa na Nelson mwaka 1951, ni ya nchi ambayo haikupata kuwako. Hata hivyo ndiyo iliyoleta katika fasihi ya Kiswahili namna nyingine kabisa ya kuitazama dola inayoporomoka. Humo hakuna gofu. Kuna baraza, kuna waziri anayeshtaki, na kuna mtu mmoja aliyesimamishwa mbele ya wakubwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria.

Jina la nchi hiyo lastahili kuangaliwa na mwanasarufi kabla ya mhakiki. Nchi nyingi katika Kiswahili hupewa jina kwa kiambishi cha u-, kama Uzaramo, Unyamwezi na Uingereza. Shaaban Robert hakufuata njia hiyo. Alikitwaa kitenzi sadiki, akakitia kinyambuo cha -ika, akakiacha na ku- yake mbele, na jina la nchi likabaki kuwa jina la hali. Kinyambuo hicho chafahamika kwa tabia yake ya kumficha mtenda: kikombe chavunjika na aliyekivunja hatajwi, njia yapitika na mpitaji hayumo katika neno. Kadhalika Kusadikika ni kule kuweza kusadikiwa, na mwenye kusadiki hakutajwa. Nchi yenyewe yaelezwa kuwa iko angani, imepakana na pepo kwa pande zake, na mbingu kwa juu, na ardhi kwa chini. Haina udongo wa kuishikilia. Yasimama kwa kuwa watu wake wamekubali kwamba imesimama, na ni kosa kuuona mchezo huu wa maneno kuwa pambo tu, kwa maana kisa chote chatoka humo.

Karama, mshtakiwa, hajitetei kwa kukana. Atwaa hadithi za wajumbe sita waliotumwa zamani na dola yenyewe kwenda kwenye mipaka yake yote, na azisimulia moja baada ya nyingine mbele ya baraza lile lile lililorithi dhambi zao. Kila mjumbe alikwenda kwa amri, akapata taabu, akaona jinsi wengine wanavyoishi na kutawaliwa, akarudi na habari zenye manufaa kwa nchi yake. Na kila mmoja alilipwa kwa adhabu. Majina yao yabeba sehemu ya hoja. Buruhani ni uthibitisho, Auni ni msaada, Ridhaa ni radhi, Amini ni mwenye kuaminika. Dola iliyojengwa juu ya kusadiki imemfunga uthibitisho na kumwadhibu mwaminifu. Hapo ndipo ilipoanguka, na ilianguka kabla ya ukurasa wa kwanza. Kinachofanyika barazani ni kuhesabu tarehe za kuanguka huko mbele ya walioangusha.

Yafaa iulizwe kwa nini dola iwatume watu kisha iwaogope wanaporudi. Jibu limo katika jina. Mjumbe aliyefika ng'ambo ya mpaka hawezi tena kusadiki kwa namna ya aliyebaki nyumbani, maana amepata kipimo cha kulinganishia. Hana haja ya kusema neno la uasi. Kule kurudi kwake na habari kwatosha. Majivuno, waziri anayemshtaki Karama, alielewa jambo hili kuliko wenzake, na kwa sababu hiyo shtaka lake si la kipumbavu kama linavyochukuliwa mara nyingi. Elimu ya sheria ingeliwafanya raia wote kuwa wajumbe bila kusafiri.

Imesemwa kwamba hadithi hizi sita zafanana mno. Neno hilo ni la kweli, na kutetea kila kitu katika kitabu si kazi ya uhakiki. Afikapo kwenye safari ya nne msomaji amekwisha kujua kwamba mjumbe atarudi na kwamba atafungwa. Shauku yapungua, na hotuba zarefuka. Lakini lazima ikumbukwe ni nani asimuliaye. Karama hatumbuizi watu, atoa ushahidi. Kosa moja la serikali laweza kuitwa bahati mbaya, na la pili usahaulifu. La sita ni desturi, na desturi ndiyo aliyotaka kuithibitisha. Kinachochosha masikio ya mpenda hadithi ndicho kinachoishinda hoja ya mshtaki.

Mwandishi aliyajua mambo ya baraza na majalada. Aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, na kitabu kilipotoka alikuwa bado mtumishi wa serikali katika Tanganyika iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Haishangazi basi kwamba wengi wameisoma Kusadikika kuwa Tanganyika iliyovikwa joho la anga. Usomaji huo una haki yake, lakini ukishikwa peke yake waipunguza hadithi. Wanaowafunga wajumbe si wageni; ni wana wa nchi, wenye lugha moja na wafungwa wao. Kama kitabu kingelikuwa fumbo la ukoloni tu, kingelifungwa pamoja nao mwaka 1961. Hakikufungwa, na serikali zilizokuja baadaye katika Afrika Mashariki zilikipa wasomaji waliokielewa bila kuelezwa.

Udhaifu wa kweli uko mwishoni. Baada ya utetezi mrefu namna ile, Karama aachiliwa, wajumbe wapewa uhuru, na dola iliyoanguka mara sita yainuka kwa hukumu moja. Hoja imeshinda; lakini wakubwa waliozoea kutosikia wamesikiaje siku hiyo? Hadithi haikutayarisha masikio hayo. Kufikirika, kitabu ndugu kilichotoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki, chalifanya jambo hilo kwa ustadi zaidi. Huko ufalme una mali ya kila namna na hauna mrithi. Mtoto apatikanapo na kuugua, yaamuliwa kwamba mwerevu mmoja na mjinga mmoja wachinjwe wawe kafara. Utubusara, aliyekamatwa kwa ajili hiyo, ataka mgonjwa atibiwe kwa dawa kwanza. Mtoto apona. Wakubwa wa Kufikirika hawakuombwa kuwa wema. Walionyeshwa mtoto akiinuka kitandani, na kila mtu aliyekuwapo aliweza kumwona.

Karama hakuwa na mtoto wa kuwaonyesha. Alikuwa na majina sita ya watu waliofungwa, na wengi wa waliokuwa wakimsikiliza waliyajua majina hayo kabla hajayataja.