Jasho la Rebeka: Usomaji wa Mchoro wa Piazzetta

Mchoro wa kisa cha Biblia ni usomaji wa matini. Msanii huteua tukio moja na kuyaacha mengine, na ni katika uteuzi huo ambamo msimamo wake hudhihirika. Hoja hii yathibitishwa na "Rebeka Kisimani", kazi ya Mwitalia Giovanni Battista Piazzetta wa Venice, aliyefariki mwaka 1754. Mchoro huo wa yapata mwaka 1740, wakati mtindo wa Baroko ulipokuwa ukingoni, umehifadhiwa katika jumba la Brera, Milan.

Kifani, kazi hii ni ya kiwango cha juu. Wahusika wameonyeshwa nusu mwili, karibu mno na mtazamaji. Mtumishi wa Ibrahimu anamnyoshea msichana lulu. Rebeka anashtuka na kurudi nyuma. Vichwa vya wanyama wachache vimebanwa pembezoni. Kitovu cha mchoro ni zawadi.

Masimulizi ya Mwanzo 24 yana mpangilio tofauti. Rebeka anashuka, anajaza mtungi, anapanda, anamnywesha mgeni, kisha anapiga mbio kuwatekea ngamia kumi hadi watosheke. Zawadi zatolewa baada ya ngamia kwisha kunywa, nazo ni pete na vikuku vya dhahabu, lulu hazitajwi. Ngamia mwenye kiu kali aweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Kwa ngamia kumi, kazi hiyo yaweza kufikia lita 1,000, yaani mitungi 50 ya plastiki ya lita 20.

Hadhira ya Kitui na Makueni haiwezi kuipuuza hesabu hiyo. Huko mito mingi hutiririka kwa muda mfupi wakati wa mvua. Kiangazi kinapokaza, wanawake huchimba mchanga wa mto hadi maji yajitokeze, wakayateka kidogo kidogo. Kwa desturi, mwanamke wa Kikamba aliyabeba maji mgongoni, kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Mamia ya mabwawa ya mchanga yaliyojengwa Kitui tangu miaka ya 1990 yamewafupishia wengi safari, lakini hayo nayo yametokana na jasho la vikundi vya mwethya. Kwa hadhira hii, mtihani wa mtumishi haukuwa wa uzuri bali wa utu na kazi: mgeni aliomba funda moja, akapewa kisima kizima.

Je, Piazzetta amekipotosha kisa? Kudai hivyo ni kumwonea. Uso wa Rebeka wake una wasiwasi wa binti anayeng'amua kwamba lulu hizo zina bei, na kwamba bei yenyewe ni yeye. Hapo msanii amemwongezea mhusika nafsi. Hata hivyo, nafsi hiyo imepatikana kwa kufuta kitendo kilichomstahilisha heshima. Kilichosalia cha kazi yake ni chombo cha maji, ambacho bado amekishikilia.

Ni chombo hicho, wala si lulu, ambacho msomaji wa Ukambani hukitazama kwanza. Uhakiki unaokianza kisa hiki kwenye zawadi humwona bibi arusi. Unaokianza kwenye maji humwona mtenda, na ndiye ambaye matini yenyewe ilimtanguliza.